Mpera wa Ukutani

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ule utangulizi wa shuleni wa hujambo-sijambo nauruka, maana najua unasoma barua hii umesimama, mkono mmoja uko kwenye sufuria. Naandika kwa sababu wewe mwenyewe ulisema simu ni ya kupigiana kelele na barua ni ya kuzungumza. Na sasa sina kisingizio. Dereva wa lori la mashuka, yule anayetoka huko kwenu mpaka ofisi kuu kila wiki, amekubali kuwa tarishi wetu. Ameomba tu tusimpe vitu vya kumwagika.

Ndiyo, ofisi kuu. Nimepata kazi kwenye kampuni yenu! Ghorofa ya juu, meza karibu na dirisha. Kazi yenyewe ni kubuni mchezo. Usicheke. Bosi wetu anasema watu wazima hukaa na simu wakicheza kupanga vijitunda vya rangi mpaka macho yanatoka maji, na hakuna anayewalipa. Kwa nini hamu hiyo hiyo isiletwe kazini? Pointi, nyota, watu kushindana kwa furaha, mtu aje asubuhi kwa sababu anataka na si kwa sababu anaogopa. Wapo hapa ofisini wanaosema ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi naamini inawezekana. Nakumbuka ulivyokuwa ukishindana nami kufua sare zangu, nani atamaliza kwanza, na sikujua hata siku moja kwamba nilikuwa nafanya kazi.

Niko kwenye majaribio. Wakiupenda mchezo wangu naajiriwa, wakiukataa narudi kulala kwenye kochi lako. Kwa hiyo niambie wewe, uliyenisomesha kwa kusimama kwenye lile rola la kunyooshea mashuka yaliyofuliwa: nini kingewafurahisha huko kiwandani?

Kitinda wako


12 Februari

Kitinda,

Marahaba. Nimesoma nikiwa nimekaa, na sufuria imeungua kwa ajili yako.

Barua yako alininyang'anya Chiriku akaisoma kwa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Humjui. Ni mwenzangu wa rola, binti mdogo kuliko wewe, na jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake haufungi kuanzia getini mpaka getini. Anasema mwambie mdogo wako atubunie mchezo wa kulala, tutashinda wote.

Wewe hujawahi kuingia humu, acha nikueleze ili usije ukachora vitu vya hewani. Shuka linatoka limelowa. Mimi nashika pembe ya kulia, Chiriku ya kushoto, tunalinyoosha na kuliingiza kwenye rola la moto. Likishashikwa, Chiriku anaita "Achia!" na sote tunaachia kwa pamoja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na ndivyo wanavyoita kwenye kila rola humu ndani, kutwa nzima, mpaka nyumbani naota naitwa. Asipoita, mmoja anachelewa kuachia, na rola haliulizi kama hili ni shuka au kidole.

Unauliza cha kutufurahisha. Feni ingetufurahisha. Lakini ukitaka kunifurahisha mimi, waambie watengeneze kile chuma cha mbele ya rola. Ni ufito tu. Mkono ukiugusa, mashine inasimama papo hapo. Wetu umefungwa juu kwa kipande cha shuka tangu mwaka juzi, kwa sababu ulikuwa ukisimamisha mashine kila pindo nene likipita, na Msimamizi akasema anacheleweshewa kazi. Fundi tunaambiwa yuko njiani. Sijui njia gani hiyo. Chuma hicho tu, Kitinda. Nyota zenu waachieni malaika.

Nimefurahi mpaka nimelia kidogo, ila usimwambie mtu. Kula vizuri.

Dada yako


4 Machi

Dada,

Shikamoo. Ombi lako nimelifikisha kwa bosi neno kwa neno. Akasema vyuma ni mambo ya mafundi na wana foleni yao, sisi tunashughulika na mioyo ya watu. Nilitaka kubisha, ila neno "usalama" nililolitaja lilikuwa limemkaa kichwani. Akanyanyuka kwenye kiti. Akaniambia, tengeneza mchezo wa usalama.

Dada, nimeupata! Ni mti. Utakuwa kwenye skrini kubwa ukutani, mkabala na rola. Kila zamu ikiisha bila mtu kuumia, unachipua. Majani yakijaa unatoa maua, na siku unapozaa, kiwanda kizima mnapewa siku ya mapumziko yenye malipo. Mtu akiumia, Msimamizi anaingiza taarifa kwenye mfumo, na majani yote yanaanguka mbele yenu, mnaanza upya. Hakuna faini wala barua ya onyo. Ni kuwakumbusha tu kwamba mtu mmoja akiumia tumeumia wote.

Na unajua ni mti gani? Ni mpera wetu wa uani, ule ulioupanda wewe, pamoja na lile tawi lililopinda nilipoanguka nikaning'inia kwa suruali, ukacheka kwanza ndipo ukanitoa. Bosi aliuliza kwa nini tawi lile limepinda. Nikamwambia liacheni hivyo hivyo.

Umeniomba ulinzi wa mikono yako na sina fundi wa kumtuma. Nimekuchorea huu.

Kitinda


2 Aprili

Kitinda,

Nilikuwa nimekaa mkao wa kukucheka, nimeshindwa. Mafundi wa skrini walifika upesi (hawa njia wanaijua), wakauwasha, na nilipouona mpera umesimama pale na tawi lake, nilishika mdomo. Nikawaambia wenzangu huo ni mti wangu mimi. Wakasema mvuke umenipanda kichwani.

Watu wamebadilika, haki ya Mungu. Wanafika kabla ya kengele ili waone jani jipya. Mpakiaji wetu, yule asiyesalimia hata ukuta, anauaga mti akitoka. Mtu anamwambia mwenzake, angalia hapo pana maji, utateleza. Zamani kila mtu alikuwa anaruka na lake. Mimi mwenyewe asubuhi natembea kwa haraka na sijui naharakia nini, na nikifika nakuta nimetabasamu. Kama unataka jibu la swali lako la kwanza, jibu ni inawezekana. Nimeona kwa macho yangu na nimesikia moyoni mwangu.

Ila kuna jambo. Juzi mkunjaji wetu wa mashuka, mwanamume mpole asiye na makuu, alichanwa na msumari wa toroli. Kidonda cha kawaida, zamani tungekifunga tukaendelea. Akaenda kutoa taarifa kama tulivyoagizwa, na majani yakaanguka. Umeyachora vizuri mno, Kitinda. Yalianguka polepole, moja moja, mashine zote tukazisimamisha tukatazama, naye amesimama chini yake ameshika kitambaa kidoleni. Mchana alikula peke yake. Sikuipenda hali ile, lakini na mimi sikwenda kukaa naye, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikwenda.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hilo neno lako "inawezekana" nimelisoma mpaka karatasi imechoka. Pole kwa mkunjaji, watu watamrudia. Mti wenu nauona hapa kwenye kompyuta yangu na majani yameshaota tena, mabichi kabisa.

Bosi ameongeza kidogo upande wa kasi, maana anasema usalama peke yake unatia usingizi. Nimechora ndege. Wawili wa rola moja wakipitisha mashuka mengi kuliko wenzao wote, ndege anatua kwenye mti akiwa na nambari ya mashine yao. Wenzao wakiwapita, anawahama. Ni chiriku. Mwambie mwenyewe, aringe.

Mwezi ujao nasimama mbele ya wakurugenzi, na hapo ndipo itajulikana kama nabaki au narudi kwenye kochi. Naomba unipe maneno machache ya kuwasomea, kutoka kwa mtu wa rola. Na kile chuma nadhani kimeshatengenezwa, kwa sababu tangu yule wa toroli naona hakuna aliyeumia hata mmoja.

Kitinda


28 Aprili

Kitinda,

Hatujambo. Ndege alitua kwetu. Chiriku alirukaruka mpaka kofia ikamdondoka. Siku hizi amekuwa kimya, utashangaa.

Maneno ya kuwasomea ni haya. Mti umetufundisha kuangaliana. Hakuna anayetaka kuwa yeye aliyeangusha majani. Yasome hivyo hivyo, usitie chumvi.

Maua yameanza. Sanduku la huduma ya kwanza Msimamizi amelihamishia ofisini kwake, anasema huku lilikuwa linachukua nafasi bure.

Nitumie glavu laini za pamba, kubwa, kubwa kabisa. Ni za kazi za uani. Na lile suala la chuma usilitaje tena kwa bosi wako mpaka uajiriwe.

Nisamehe mwandiko, nimeandikia magotini na nimechoka.

Dada


9 Mei

Dada!

Shikamoo mara mia. Nimeajiriwa! Nilisoma maneno yako mbele ya wakurugenzi, wakapiga makofi wamesimama. Mmoja alifuta miwani. Mti unapelekwa kwenye viwanda vyote vya kampuni, kila mahali penye rola, na tawi letu lililopinda. Nilitamani ungekuwepo uone mdogo wako amevaa tai.

Mwandiko wako ule nimeuweka ukutani nauchekea. Wewe uliyekuwa ukinifinya sikio kwa herufi zisizokaa kwenye mstari! Nilikupigia simu mara mbili, mara ya pili ukapokea na kucheka sana, halafu ukasema una kazi. Basi, pumzika. Glavu hizi hapa, nimempa dereva.

Chuma nilikitaja, usinigombeze, nilikuwa nimeshatia sahihi mkataba. Bosi aliangalia skrini, akaniuliza, mahali ambapo hakuna anayeumia tutengeneze nini?

Kitinda, mwajiriwa


23 Mei

Kaka,

Hatujaonana, ila wewe ndiye uliyenichora kwenye mti. Mimi ndiye Chiriku. Dada yako hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanikasirikia, lakini kuna mambo yamenikaba na siwezi tena kuyameza.

Yuko hospitali. Yu hai, usishtuke ukadondosha karatasi. Lakini wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Lilitokea mwezi uliopita, kabla hajakuandikia ile barua ya kuomba glavu. Ile barua aliiandika kwa mkono wa kushoto, nilimshikia karatasi isitembee. Siku ile tulikuwa tumekaribia kuwapita wenzetu wa rola la pili. Tangu ndege aletwe watu wengi waliacha kuita "Achia!", pumzi tulikuwa tunaiweka kwa ajili ya mashuka, tukawa tunatazamana tu machoni. Na mimi siku ile sikumtazama. Niliangalia ukutani kuona kama ndege amehama. Niliposikia sauti yake nilipiga kitufe, mashine ikasimama, lakini rola lilikuwa limeshamshika vidole. Kile chuma kilikuwa juu, kimefungwa kwa kipande cha shuka kama siku zote. Na ndege alikuwa ametua kwetu.

Sasa sikiliza, Kaka, kwa sababu hapa ndipo pananiuma. Hakuna aliyesema tumfiche. Msimamizi hakusema. Watu walikuja wakatuzunguka, wakauangalia mkono, kisha mmoja akauangalia mti, na wote tukauangalia. Ulikuwa umejaa maua. Dada yako akasema, nifungeni tu, si kitu. Nikamfunga mimi kwa pindo la shuka. Akarudi kwenye rola. Watu wakamwambia wewe ni jasiri, wakamletea chai, mpaka mpakiaji akamsalimia. Kila siku ilikuwa hivyo, kila mtu anamsifu, na mkono ndani ya glavu unavimba. Nilimwambia nenda hospitali. Akasema, wakiandika ni ajali ya kazini majani yataanguka, na mdogo wangu anasimama mbele ya wakurugenzi.

Mwisho alianguka kwa homa. Msimamizi alimletea karatasi ya kusema kwamba aliungua nyumbani kwa mafuta ya moto. Akatia sahihi.

Mti ulizaa Alhamisi. Tukapewa ile siku yetu ya mapumziko, na unajua tulikwenda wapi? Tulikwenda wodini kwake, kiwanda kizima, tumevaa nguo nzuri. Tulimpelekea mapera. Akala kipande kwa mkono wa kushoto na kututania. Pera langu mimi sikulila.

Mimi bado niko kwenye rola lile lile. Wameniwekea msichana mpya upande wa kulia. Naomba ufanye jambo kuhusu kile chuma.

Chiriku


3 Juni

Dada,

Sijui naanzaje. Jumamosi nilikaa pembeni ya kitanda chako mpaka muda wa wageni ukaisha, na ulizungumzia chakula cha hospitali, wauguzi, na tai yangu. Mkono ulikuwa chini ya shuka. Nilipotaka kuufunua ukanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama utotoni, nikarudisha mkono wangu. Kwa hiyo nakuandikia, kwa sababu barua ni ya kuzungumza.

Nimeingia kwa bosi. Nilipiga kelele, Dada, mimi nisiyeweza kumfukuza hata kuku. Akanifungulia faili. Imeandikwa: aliungua nyumbani kwa mafuta ya moto. Na sahihi yako chini, herufi zimelala, hazikai kwenye mstari. Mwandiko ule ule niliouweka ukutani nikawa nauchekea kila asubuhi nikinywa chai. Barua ile nimeibandua.

Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa natuma salamu na vichekesho, na wewe unaoza mkono.

Wanasema karatasi ndiyo inayosema, bila maelezo yako hawana ajali yoyote, na bila ajali chuma hakina haraka. Yule msichana mpya amesimama mahali pako pale pale. Andika ukweli, nakuomba. Usinifikirie mimi. Kama ni kochi, nalijua linavyolalika.

Kitinda


11 Juni

Kitinda,

Acha kujipiga kifua, utajiumiza na hakuna wa kukuuguza.

Unauliza kwa nini. Nikikuambia ni kwa ajili ya ajira yako nitakuwa nimekuambia nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliupenda. Miaka yote nimesimama pale hakuna mtu aliyewahi kuniambia umefanya vizuri. Mti ukaniambia kila jioni. Kiwanda kizima kikawa na furaha moja, na nikaona kwamba furaha hiyo imekalia mkono wangu. Nikisema, nawanyang'anya wote. Ungenilazimisha kwa fimbo ningekimbilia hospitali siku ile ile na kuwatukana. Hamkunilazimisha. Nilijificha mwenyewe, kwa moyo wangu, na nilijisikia shujaa.

Bosi wako alitaka watu wafanye kazi kwa moyo. Mwambie aliupata, na kwamba tatizo halikuwa moyo. Tulikuwa na moyo mwingi kuliko alioomba. Chuma ndicho kilichokuwa kimefungwa, na mti ukatusahaulisha kukiangalia. Hata mimi niliyekulilia hicho chuma, nikakuambia usikitaje.

Sikukasirikii. Nakasirika kidogo asubuhi, ninapotaka kufunga kifungo cha nguo, kisha inapita. Haipiti yote.

Maelezo nimeyaandika, ndani ya bahasha hii. Nimetaja rola, chuma, siku yenyewe, na nani aliniletea ile karatasi nyingine. Sahihi ni ya mkono wa kushoto, sasa huo ndio mkono wangu, wazoee. Yapeleke. Majani yakianguka na waniambie ni mimi niliyeyaangusha.

Na mwambie Chiriku aite. Aite kwa sauti, wakimcheka wamcheke.

Dada yako


25 Juni

Chiriku,

Nakushukuru kwa barua yako ya mwezi uliopita. Mwandiko wako ni mzuri, umenyooka, Dada anasema ulijifunza kwa kuandika majina kwenye magunia ya mashuka. Yuko kwangu sasa. Amechukua kitanda, mimi nimehamia kwenye kochi, na ananigombeza kwa jinsi ninavyofua.

Maelezo yake nimeyapeleka. Bosi aliyasoma mpaka mwisho na nadhani alisikitika kweli. Kampuni inalipa hospitali. Msimamizi ameonywa. Na majani yameanguka, bila shaka mliyaona. Lakini nilipoomba mti uondolewe mpaka chuma kitengenezwe, nikaambiwa mti si wangu tena, uko kwenye viwanda vyote na umeleta matokeo kila mahali. Chuma kimeagizwa, eti kinakuja. Wakati huo wanataka mti wenu uote haraka ili watu wasivunjike moyo, kwa hiyo wameongeza zawadi: ukizaa tena ni siku mbili za mapumziko, si moja. Niliwaambia mnachokifanya ni hatari. Wakaniandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nimetoa maoni.

Nilitaka kuacha kazi. Dada amenikataza. Anasema nikitoka, hakuna atakayekumbuka kwamba kuna chuma. Basi nimebaki, na kila siku nauangalia mti wenu hapa kwenye kompyuta, na safari hii kila jani jipya linanipa baridi. Zamani nilipoona umejaa nilijua mko salama. Sasa sijui naona nini.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usifiche. Hata mkwaruzo. Niandikie hapo hapo, nitakuja na lori lenyewe nikusimamie. Na uite "Achia!", Dada anakuagiza, kwa sauti.

Kaka yako


9 Julai

Kaka,

Salamu zimefika, na mimi nawasalimu nyote. Hatujambo kabisa, usihangaike.

Watu walininunia kidogo, walijua ni mimi niliyekuandikia. Nilikuwa nakula na mkunjaji tu, akanisimulia habari za kuku wake. Sasa wamenirudia, wananisalimia wote. Mti umeota vizuri sana, umeanza maua, na wanasema safari hii tutazaa mapema. Msichana mpya anajifunza upesi, ana aibu ya kuita ila mikono yake ni myepesi. Ndege yuko kwetu. Chuma bado, ila Msimamizi anasema kiko njiani.

Hakuna aliyeumia. Usije Jumamosi, utachoka bure, tutakuwa na kazi nyingi.

Mwambie Dada nimekuwa kimya siku hizi, atacheka. Na zile glavu za pamba ulizomtumia, kama hazitumii tena, naomba umpe dereva aniletee.

Nisamehe mwandiko, nimeandikia magotini na nimechoka.

Chiriku